Alf Common na usajili wa pauni 1,000: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kijiweni hakosekani mtu wa kuuliza ni nani alianzisha mchezo huu wa kununua wachezaji kwa vitita vya kutisha. Nikimtaja Alf Common, maswali huwa ni yaleyale. Nimeona niyajibu yote hapa, ili wakati mwingine nimpe mtu ukurasa huu nami ninywe kahawa yangu kwa amani.

Alf Common alikuwa nani?

Mshambuliaji Mwingereza, aliyezaliwa tarehe 25 Mei 1880 Millfield, mtaa wa mji wa Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Alicheza soka la kulipwa kuanzia mwaka 1900 hadi 1914 katika klabu tano: Sunderland (mara mbili), Sheffield United, Middlesbrough, Woolwich Arsenal na Preston North End. Februari 1905 alikuwa mchezaji wa kwanza duniani kuhamishwa kwa pauni 1,000.

Hilo la mwisho ndilo lililobaki vichwani mwa watu. Mengine yote, pamoja na kombe alilobeba na mechi za timu ya taifa, yamefunikwa na ile pauni elfu.

"Common" ni jina la utani?

Hapana, ni jina la ukoo. Kwamba kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya "kawaida" ni bahati mbaya tu kwa mtu aliyekuwa ghali kuliko wenzake wote.

Alianzia wapi?

Katika timu ndogo za nyumbani kwao: South Hylton, kisha Jarrow. Huko ndiko Sunderland ilikomwona na kumchukua mwaka 1900. Ukanda ule uliishi kwa kuunda meli, kuchimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma, na Jumamosi mchana wanaume walitoka kazini wakaelekea moja kwa moja uwanjani. Vijana wa mitaa hiyo walikuwa wengi sana katika ligi, na klabu hazikwenda mbali kuwatafuta.

Hakukaa sana. Msimu wa 1901-02 Sheffield United ilimnunua kwa pauni 325, akiwa na miaka 21. Sunderland aliyoiacha ikachukua ubingwa wa ligi msimu huohuo. Ungedhani amekosea njia, mpaka uone kilichotokea Aprili.

Ni kweli alibeba Kombe la FA?

Kweli kabisa, na fainali yenyewe ina kisa ambacho kingetosha kuandikiwa ukurasa wake.

Tarehe 19 Aprili 1902, uwanja wa Crystal Palace, London, Sheffield United ilikutana na Southampton mbele ya watu zaidi ya 76,000. Common aliifungia Sheffield bao la kuongoza. Dakika za mwisho Southampton wakasawazisha kwa bao ambalo Sheffield waliapa kuwa lilikuwa la kuotea. Mwamuzi, Tom Kirkham, akalikubali. 1-1.

Sasa, kipa wa Sheffield alikuwa William Foulke, pandikizi la mtu lenye uzito uliopita kilo 120. Inasimuliwa kwamba baada ya mechi Foulke alitoka bafuni uchi wa mnyama, akaanza kumsaka mwamuzi kwenye korido, na Kirkham akajificha kwenye kabati mpaka watu wakaja kumtuliza yule bwana. Wanaolalamika leo kuhusu makipa wanaomzonga mwamuzi wangejaribu kumtazama huyo.

Wiki moja baadaye mechi ikarudiwa hapohapo na Sheffield ikashinda 2-1. Common hakufunga siku hiyo, ila bila bao lake la kwanza pasingekuwa na mechi ya kurudia.

Kwa nini aliondoka Sheffield wakati mambo yanamwendea vizuri?

Alisema anataka kurudi nyumbani. Kiangazi cha mwaka 1904 Sheffield wakamwachia kwa Sunderland, pamoja na kipa wa akiba, kwa pauni 520. Walimwelewa: kijana amekumbuka kwao, mwacheni aende.

Miezi michache tu baadaye wakasoma gazetini kwamba Sunderland imemuuza Middlesbrough kwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Hawakufurahi. Mimi pia nisingefurahi.

Ilikuwaje Middlesbrough ikatoa pesa zote hizo?

Kwa sababu ilikuwa inazama.

Middlesbrough ilipanda Daraja la Kwanza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa la juu kabisa, mwaka 1902. Mwaka uliofuata ikahamia uwanja mpya wa Ayresome Park, uliochorwa na Archibald Leitch, mhandisi aliyechora viwanja vingi maarufu vya Uingereza. Uwanja mpya ni deni, na deni hulipwa na watu wanaopita getini. Watu hawapiti getini kutazama timu ya daraja la pili.

Ilipofika Februari 1905 timu ilikuwa mkiani, na ilikuwa haijashinda mechi ya ugenini kwa takriban miaka miwili. Viongozi wakapiga hesabu ya kifanyabiashara: tukishuka tutapoteza zaidi ya pauni 1,000, basi heri tuitoe sasa. Sunderland iko kama kilomita 45 tu kutoka hapo, na mchezaji wanamjua. Wakatoa.

Ili uone ukubwa wa kuruka huko: mwaka 1893 Aston Villa ilimchukua Willie Groves kutoka West Bromwich Albion kwa pauni 100, na watu walishangaa. Mwanzoni mwa 1904 Newcastle ilimnunua beki Andrew McCombie, kutoka Sunderland hiyohiyo, kwa pauni 700. Mwaka mmoja baadaye, elfu. Sunderland walikuwa wamekwishajua kwamba majirani wakibanwa hulipa.

Watu walilipokeaje jambo hilo?

Vibaya. Magazeti ya michezo yalijaa mijadala. Wako waliouliza kama wachezaji sasa watapigwa mnada kama farasi wa mashindano. Wengine waliandika kwamba ni heshima zaidi kushuka daraja kwa miguu yako kuliko kubaki kwa kununua miguu ya jirani. Wakubwa wa Chama cha Soka cha Uingereza, FA, wengi wao wakiwa watu wa tabaka la juu waliokulia kwenye soka la ridhaa, waliona ni fedheha.

Ukisoma lawama hizo unagundua jambo moja: karibu zote zilihusu heshima ya mchezo na heshima ya klabu. Walioliangalia kwa upande wa mtu aliyeuzwa walikuwa wachache mno.

Yeye mwenyewe alipata kiasi gani katika hizo pauni 1,000?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na jibu lake huwa halisadikiwi.

Kwa mujibu wa sheria za wakati ule, mchezaji aliyehamia klabu mpya aliruhusiwa kupewa pesa ya kusaini isiyozidi pauni 10. Basi. Zilizobaki zote ziliingia kwenye kasha la klabu iliyomuuza.

Mshahara? Kuanzia msimu wa 1901-02 ulikuwa na kikomo: pauni 4 kwa wiki, kwa kila mchezaji wa ligi, awe nyota au awe anayekaa benchi mwaka mzima. (Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Ndiyo, ni shilingi ileile iliyozipa jina hela zetu.) Kwa mwaka ni pauni 208, akilipwa wiki zote. Sasa piga hesabu: ili Alf Common apate kwa jasho lake kiasi alichonunuliwa, angehitaji wiki 250 za mshahara wa juu kabisa, karibu miaka mitano, bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba, bila kumnunulia mtu hata kikombe cha chai.

Tuwe wakweli: pauni 4 hazikuwa pesa ndogo. Fundi stadi wa kiwandani alipata karibu nusu ya hiyo, na wengi hawakuifikia hata nusu. Common hakuwa maskini akiwa uwanjani. Lakini fundi wa kiwandani hakuvunjwa goti kila Jumamosi, wala kiwanda hakikumuuza kwa kiwanda kingine.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Common ndiye "baba wa wachezaji matajiri" huwa nacheka. Aliyetajirika ni aliyekuwa na karatasi ya usajili mkononi.

Klabu ilipata wapi haki ya kumuuza mtu?

Kwenye hiyo karatasi. Tangu mwaka 1893 Ligi ya Soka ilikuwa na utaratibu wa kumshikilia mchezaji. Usajili wake ulikuwa mali ya klabu, na haukuisha mkataba ulipoisha. Kila mwisho wa msimu klabu iliandika orodha mbili: tunaobaki nao na tunaowauza. Uliyeandikwa kwenye ya kwanza ulisaini tena, hata kama masharti hukuyapenda. Uliyeandikwa kwenye ya pili ulisubiri mpaka mtu afike bei. Klabu nyingine ya ligi haikuruhusiwa kukusajili bila kibali, na uliyekataa yote hayo ulikaa bure, bila mshahara.

Palikuwa na mwanya mmoja. Ligi ya Kusini, iliyokuwa na timu kama Southampton na Tottenham, haikufungwa na utaratibu huo, kwa hiyo wachezaji kadhaa walitorokea huko. Kufikia mwaka 1910 ligi hizo mbili zilikuwa zimepatana kuheshimiana, na mwanya ukazibwa.

Wachezaji hawakunyamaza. Desemba 1907 waliunda chama chao mjini Manchester, Billy Meredith na wenzake wa Manchester United wakiwa mstari wa mbele, na mwaka 1909 nusura mgomo uzuie msimu kuanza. Mwaka 1912 Herbert Kingaby aliishtaki Aston Villa kwa kumwekea bei iliyomfungia milango. Akashindwa. Utaratibu huo ulikuja kuvunjwa nguvu mahakamani mwaka 1963, katika kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle United, miaka 70 baada ya kuwekwa.

Je, Middlesbrough walipata thamani ya pesa yao?

Mechi ya kwanza, ndiyo, na ratiba ilikuwa na utani wake: tarehe 25 Februari 1905, ugenini, dhidi ya Sheffield United, walewale waliomwachia arudi nyumbani. Middlesbrough ilishinda 1-0 na bao lilikuwa la Common, kwa penalti. Ukame wa ushindi wa ugenini ukaisha siku hiyo.

Kwa wanaopenda sheria: wakati huo kipa bado aliruhusiwa kusogea mbele penalti ikipigwa, hakulazimika kubaki kwenye mstari. Sheria ya kumbakiza mstarini ilikuja baadaye mwaka huohuo. Kwa hiyo ile penalti haikuwa ya bure kama za leo.

Timu ikajikongoja mpaka nafasi ya 15 kati ya 18 na ikabaki daraja la juu. Zilizomaliza kwenye nafasi mbili za mwisho zilikuwa Bury na Notts County. Na hapa ndipo penye kejeli ambayo wasimulizi wengi huiruka: kiangazi hicho ligi iliamua kuongeza timu za Daraja la Kwanza kutoka 18 hadi 20, na Bury na Notts County zikabakizwa. Mwaka ule hakuna aliyeshuka. Middlesbrough wangeburuta mkia mpaka mwisho, pauni 1,000 zikiwa salama benki, na bado wangebaki. Lakini Februari nani angejua?

Kwa muda mrefu zaidi, nasema pesa haikupotea. Common alikaa hadi 1910, akacheza mechi 168 za ligi na kufunga mabao 58. Machi 1906 aliungana na Steve Bloomer, mfungaji mkubwa kuliko wote wa enzi ile, aliyetoka Derby County kwa pauni 750. Msimu huo pia Middlesbrough waliponea chupuchupu.

Nimesikia Middlesbrough walikuwa wanacheza rafu na pesa. Kweli?

Kweli, na hawakuwa peke yao. Weka kikomo cha pauni 4 kwa watu wenye thamani ya pauni 1,000, halafu shangaa bahasha zikipita chini ya meza.

Anza na Sunderland. McCombie, yule beki wa pauni 700, alikuwa amepewa na klabu pauni 100 za kuanzishia biashara. Alipohamia Newcastle, Sunderland wakasema ulikuwa mkopo, arudishe. Yeye akasema ilikuwa zawadi. Klabu ikaenda mahakamani na ikashinda. Wangeishia hapo wangekuwa salama, lakini kelele zile ziliwaamsha FA, wakavikagua vitabu vya klabu na kuamua kwamba ilikuwa zawadi, yaani malipo haramu. Faini pauni 250, wakurugenzi kadhaa wakafungiwa, na meneja Alex Mackie akasimamishwa miezi mitatu. Kesi waliyoianzisha wenyewe!

Kisha Mackie, baada ya adhabu, akaajiriwa wapi? Middlesbrough, mwaka 1905. Mwaka 1906 FA ikakagua vitabu vya huko pia, ikakuta posho zisizoruhusiwa, na wakurugenzi 11 kati ya 12 wakafungiwa. Mackie akafungiwa tena, akaachana na soka akaenda kuendesha baa.

Hata baada ya hapo hawakukoma. Desemba 1910 mwenyekiti wa Middlesbrough, Thomas Gibson Poole, alikuwa anagombea ubunge na akataka ushindi dhidi ya Sunderland umsaidie kura. Meneja wake, Andy Walker, akamwahidi nahodha wa Sunderland pauni 30 ili waachie mechi. Nahodha akaenda kuripoti. Middlesbrough wakashinda 1-0 kihalali, mwenyekiti akaukosa ubunge, na wote wawili wakafungiwa. Common alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo hili wasimbambikie.

Yeye mwenyewe alikuwa malaika?

La. Middlesbrough ilimpa unahodha kisha ikamvua, kwa ulevi na fujo.

FA ilichukua hatua gani kuhusu bei?

Januari 1908 iliweka sheria kwamba hakuna mchezaji atakayehamishwa kwa zaidi ya pauni 350. Sheria hiyo ilidumu miezi michache. Klabu zilipata njia ndani ya wiki: unataka kumuuza mtu kwa pauni 700? Muuze kwa 350, kisha mfungashie kwenye kifurushi mchezaji mwingine asiye na kazi, naye kwa 350. Karatasi zinasomeka vizuri, kila mtu anajua, hakuna wa kushtakiwa. FA wakaifuta.

Aliichezea Uingereza?

Mechi 3, mabao 2. Dhidi ya Wales na Ireland mwaka 1904, akafunga katika zote mbili, na dhidi ya Wales tena mwaka 1906.

Alikuwa mchezaji wa aina gani?

Mfupi kiasi, kama sentimita 173, na mnene: zaidi ya kilo 80 hata katika siku zake nzuri. Usimfikirie winga wa mbio. Katika mfumo wa 2-3-5 wa enzi ile alicheza mshambuliaji wa kati au wa ndani kulia, akitumia kifua na mabega. Kumgonga mpinzani bega kwa bega ilikuwa halali, kipa naye akiwemo, na mwenye mwili kama wake alikuwa silaha. Nje ya uwanja alijulikana kwa ucheshi.

Arsenal alifikaje?

Mwaka 1910, akiwa na miaka 30, kwa pauni 100 hivi, sehemu moja ya kumi ya ile bei. Wakati huo waliitwa Woolwich Arsenal na walicheza Plumstead, kusini mwa mto Thames, hela zikiwa za mawazo na mashabiki wachache. Alicheza mechi 77 za ligi na kufunga mabao 23, idadi nzuri kwa mtu aliyedhaniwa amekwisha.

Desemba 1912 Preston North End, iliyokuwa Daraja la Pili, ilimnunua kwa pauni 250. Soma hiyo tena: bei ilipanda akiwa na miaka 32. Msimu ulipoisha Preston walikuwa mabingwa wa Daraja la Pili na wamepanda, huku Arsenal wakiburuta mkia wa Daraja la Kwanza na kushuka, mara pekee katika historia yao. Mzee alikuwa amejua kushuka garini kabla halijapinduka. Preston nao wakashuka tena 1914, na hapo akastaafu.

Baada yake bei zilipanda hadi wapi?

Mwaka 1922 Syd Puddefoot alitoka West Ham kwenda Falkirk ya Scotland kwa pauni 5,000. Mwaka 1928 David Jack alitoka Bolton kwenda Arsenal kwa pauni 10,000 na ushei. Pauni milioni moja, Trevor Francis, ilikuwa mwaka 1979, na meneja aliyemsajili, Brian Clough wa Nottingham Forest, alizaliwa Middlesbrough.

Baada ya soka alifanya nini?

Aliendesha baa Darlington, karibu na alikozaliwa, kama walivyofanya wachezaji wengi wa kizazi chake. Kazi hiyo iliwafaa wote: mwenye bia alipata jina la kuvuta wateja, na mchezaji alipata paa na kipato pale magoti yalipogoma. Alikaa kwenye biashara hiyo hadi miaka ya 1940, na akafariki Darlington tarehe 3 Aprili 1946, akiwa na miaka 65. Kikomo cha mshahara kilichomkuta akiwa kijana kilikuwa bado kipo siku anazikwa. Kiliondolewa Januari 1961.